Nyumba ya shambani kwa mkopo wa USDA: dhamana ile ni ya nani?

Swali:

"Habari za kazi, mshauri. Tunaishi jimbo la Iowa, huu ni mwaka wa saba. Mimi na mke wangu tuna grini kadi, tuna watoto wawili, na mdogo wangu tunakaa naye. Mimi napata dola 52,000 kwa mwaka kiwandani. Mke wangu anahudumia wazee, mwaka wa tatu sasa, anapata 31,000. Mdogo wangu anapata 38,000. Tumeona nyumba ya zamani ya mkulima, ya miaka ya 1920, ina ekari tatu, kisima chake na karo lake la maji machafu. Bei ni dola 220,000. Ekari moja jirani anaikodi analima mahindi. Dalali anasema tuchukue mkopo wa USDA, hatutoi malipo ya awali hata senti, serikali inadhamini. Rafiki yetu mmoja anasema yeye analipa riba ya asilimia 1 tu. Mwingine ametuonya tusimtaje mdogo wangu, kipato chake kitatutoa kwenye mpango. Alama zangu za krediti ni 655, akiba tuliyonayo ni dola 9,000, na madeni ya gari na kadi yanatutoka dola 660 kwa mwezi. Nataka kufuga mbuzi wachache na kulima mchicha. Mke wangu ana hofu: tukishindwa kulipa, hiyo serikali iliyodhamini itatufanya nini?"

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na hofu ya shemeji, kwa sababu ameshika mahali penyewe. Neno "dhamana" limewachanganya wengi. Sisi tukisikia mtu amedhaminiwa tunaelewa kwamba akikwama yupo wa kumtoa. Dhamana ya USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani, haiko hivyo. Anayedhaminiwa ni benki. Benki inakukopesha fedha zake yenyewe, na wizara inaiahidi kwamba huyu mteja akishindwa, nyumba ikauzwa kwa hasara, sehemu kubwa ya hasara hiyo itafidiwa. Dhamana inafika hadi asilimia 90 ya mkopo wa mwanzo. Ndiyo maana benki inakubali kukukopesha thamani yote ya nyumba bila wewe kutanguliza kitu.

Na fidia ile benki inayolipwa haikufuti wewe kwenye daftari. Ukiomba mkopo huu utasaini fomu inayosema kwamba fedha ambazo serikali italazimika kuilipa benki kwa ajili yako zinaweza kuwa deni lako kwa serikali kuu, na deni la namna hiyo linaweza kukatwa hata kwenye marejesho yako ya kodi. Sikuambii haya ili uogope. Huu ni mkopo mzuri, nimeona familia nyingi zikitulia kwa sababu yake. Ila nataka uingie ukijua kwamba mwenye kuubeba mzigo ni wewe, na kwamba wizara ikiipitisha nyumba, imeipitisha kwa macho ya mdhamini wa benki. Macho ya mtu atakayelala humo na watoto ni yako.

Sasa huyo rafiki yenu wa asilimia 1. Hasemi uongo, ila anazungumzia mkopo mwingine. USDA ina mikopo miwili ya nyumba ambayo watu huichanganya kila siku, na yote asili yake ni sheria ya nyumba ya mwaka 1949. Mmoja ni huu wa dhamana, unaopitia benki. Wa pili ni wa moja kwa moja: mkopeshaji ni wizara yenyewe, unaomba kwenye ofisi yao ya Rural Development, na ni wa watu wa kipato cha chini na cha chini sana. Muda wake ni miaka 33, na kwa wenye kipato kidogo zaidi unaweza kufika 38. Ndani yake kuna ruzuku inayoweza kushusha riba unayolipa hadi asilimia 1. Rafiki yenu yumo humo. Huenda hajawaambia, au naye hakuambiwa vizuri, kwamba akiuza nyumba au akihama, wizara hupiga hesabu na inaweza kudai irudishiwe sehemu ya ruzuku ile kutoka kwenye faida ya nyumba. Pia fedha zake hutegemea bajeti ya Bunge la Marekani, kwa hiyo foleni inaweza kuwa ndefu. Kwa kipato cha nyumba yenu sioni mkiingia kwenye mkopo huo. Wenu ni ule wa dhamana, wa miaka 30, riba isiyobadilika, na riba yenyewe mnapatana na benki.

Twende kwa mdogo wako, maana hapa mmeshauriwa vibaya na kosa lake lingewagharimu sana.

USDA inapiga hesabu mbili za kipato, na watu wengi wanadhani ni moja. Hesabu ya kwanza inauliza: je, kaya hii ina kipato cha wastani, au inajiweza kiasi cha kutohitaji mpango huu? Hapo huhesabiwa kipato cha kila mtu mzima atakayeishi ndani ya nyumba, awe amesaini mkopo au hakusaini. Kwa hiyo mdogo wako yumo, na jumla yenu ni dola 121,000. Kikomo cha msingi kilichotangazwa mwaka 2025 kwa kaya ya mtu mmoja hadi wanne ni dola 119,850. Ukiangalia namba hizo mbili unaona kwa nini huyo mshauri wenu aliingiwa na wasiwasi. Lakini mdogo wako haleti mshahara tu, yeye pia ni mtu wa kuhesabiwa. Wewe, mkeo na watoto wawili ni wanne. Yeye ni wa tano. Kaya ya watu watano hadi wanane ina kikomo chake: dola 158,250. Mkimtaja mnaingia kwa nafasi kubwa, hata kabla ya kupunguza kile kinachoruhusiwa kupunguzwa kwa ajili ya watoto na gharama za kulea wale wadogo mnapokuwa kazini. Baadhi ya kaunti zina kikomo cha juu zaidi ya hicho, na namba hubadilishwa kila mwaka, kwa hiyo benki itaangalia ya kaunti yenu na ya siku mnayoomba.

Mkimficha mnakuwa mmetoa maelezo ya uongo kwenye ombi la serikali kuu ili kukwepa ukuta ambao haupo. Na mtu mwenye grini kadi ana zaidi ya nyumba ya kupoteza akikutwa na kosa la namna hiyo. Tafadhali mwandikeni, jina na mshahara, kama alivyo.

Hesabu ya pili inauliza: je, watakaosaini wanaweza kulipa? Hapa kinatazamwa kipato cha wanaosaini tu. Mkisaini wewe na shemeji, ni dola 83,000, sawa na kama dola 6,917 kwa mwezi kabla ya makato. Kipimo cha kawaida cha USDA ni kwamba gharama zote za nyumba zisizidi asilimia 29 ya kipato hicho, na nyumba pamoja na madeni mengine zisizidi asilimia 41. Benki inaweza kuruhusiwa kupita hapo kidogo ikiwa mambo yenu mengine yamekaa vizuri, lakini msiingie mkitegemea kuruhusiwa.

Nikupigie hesabu ya nyumba hiyo. Kuna ada ya dhamana ya asilimia 1, ambayo huongezwa juu ya mkopo, kwa hiyo dola 220,000 inakuwa kama 222,222. Chukulia riba ya asilimia 6.5 kwa mfano tu. Yenu itategemea siku na benki. Rejesho la mkopo ni kama dola 1,405 kwa mwezi. Kuna ada ya kila mwaka ya asilimia 0.35 ya deni lililobaki, inayogawanywa kwa miezi: kama dola 65 mwanzoni. Ongeza kodi ya nyumba, tuseme 275, na bima, tuseme 160. Jumla ni dola 1,905, ambayo ni kati ya asilimia 27 na 28 ya kipato chenu. Ukiongeza zile 660 za gari na kadi unafika 2,565, asilimia 37. Mnapita.

Lakini sikia hili. Mkihamia mashambani, mke wako ataanza kufikiria gari la pili, kwa sababu huko hakuna basi na theluji haisubiri. Mkichukua mkopo wa gari wa dola 480 kwa mwezi kabla ya kukamilisha nyumba, jumla inaruka hadi 3,045, asilimia 44, na benki huangalia tena krediti yako siku chache kabla ya kusaini. Nimeshuhudia familia ikipoteza nyumba wiki ya mwisho kwa sababu ya gari lililokuwa tayari limeegeshwa nje ya fleti yao. Gari lisubiri hadi ufunguo uwe mkononi.

Je, mdogo wako naye asaini? Akisaini, mshahara wake utaingia kwenye hesabu ya pili na mtaonekana na nguvu zaidi. Kwa namba hizi hamuhitaji. Na mimi kwa moyo mmoja ningemwacha nje, kwa sababu kijana wa leo kesho ataoa, atataka kwake, na jina lake litakuwa bado limefungwa kwenye deni la miaka 30 la kaka yake. Kulitoa si rahisi. Kwa kawaida ni kukopa upya. Mchango wake wa kila mwezi anaweza kuutoa bila saini.

Alama zako 655 za krediti, yaani kipimo cha jinsi unavyolipa madeni, zinatosha kuanzia. USDA yenyewe haijaweka alama ya chini, ila benki nyingi hutaka 640 kwa sababu kuanzia hapo ombi hupita kwa urahisi kwenye mfumo wa kompyuta wa wizara. Uko juu kidogo tu ya mstari, kwa hiyo miezi hii kadi ya mkopo isijae na malipo yasichelewe hata mara moja. Kwa upande wa uhamiaji, wenye makazi ya kudumu mnakubalika. Yeyote anayesoma hapa akiwa na kibali cha kazi pekee au viza ya masomo asijipime kwa jibu hili.

Zile dola 9,000 ni muhimu kuliko unavyodhani. "Bila malipo ya awali" haina maana ya bila fedha. Kuna gharama za kukamilisha ununuzi: mthamini, hati, bima ya mwaka wa kwanza, akiba ya kodi. Muuzaji anaruhusiwa kuwabebea gharama hizo hadi asilimia 6 ya bei, na dalali wenu aliombe hilo kwenye ofa tangu mwanzo. Pia nyumba ikithaminiwa juu ya bei mliyopatana, ile tofauti inaweza kutumika kuingiza gharama ndani ya mkopo. Msichotakiwa kufanya ni kuingiza benki fedha taslimu ghafla. Najua tunavyoishi: upatu umekufikia, au mjomba amekurejeshea deni, unapeleka dola 4,000 mkononi. Benki itauliza zimetoka wapi, na "ni za kikundi" si karatasi. Zawadi kutoka kwa ndugu inakubalika kama kuna barua yake na ushahidi wa fedha kutoka akaunti yake kuja yako. Fedha za upatu ambao bado unadaiwa michango zinafanana na mkopo, na zitahesabiwa hivyo. Anzeni leo kuacha fedha zikae zinakoonekana, na mnapotuma nyumbani, tumeni kwa utaratibu mnaoweza kuueleza.

Sasa nyumba yenyewe. Hapa ndipo ninapotaka mtulie, maana karatasi zina watu wengi wa kuzisoma ila kisima kitasomwa na nyinyi.

Kwanza hakikisheni anwani iko eneo linalokubalika. Msitazame jina la mji. USDA ina ramani kwenye tovuti yake, unaandika anwani kamili inakujibu. Kwa kawaida "mashambani" ni eneo la wazi au mji mdogo usiozidi watu 10,000, ila miji mingine hadi watu 35,000 bado imo kwa taratibu zake, na barabara moja inaweza kuwa na upande ulio ndani na upande ulio nje.

Pili, ile ekari ya mahindi. Mkopo huu ni wa makazi. Banda la zamani lisilotumika kwa biashara si tatizo, ekari tatu si tatizo, bustani ya mchicha na mbuzi wa nyumbani si tatizo, hata ukimuuzia jirani ziada ya mboga. Tatizo ni ardhi inayoingiza kipato cha kilimo, na ekari inayokodishwa kwa mahindi ni kipato. Mwambieni afisa wa mkopo mapema, na mwombeni muuzaji athibitishe kwa maandishi mkataba wa jirani unaisha lini, maana huko Iowa mikataba ya kukodi shamba ina sheria zake za notisi, haikatwi kwa neno la mdomo. Kama ndoto yako ni mifugo ya kuuza sokoni, wizara hiyohiyo ina idara nyingine, Farm Service Agency, yenye mikopo ya wakulima. Msiuchukue huu mkiwa na nia ile. Mbuzi nao muulizeni afisa wa mipango wa kaunti kama eneo linaruhusu.

Tatu, maji na uchafu. Mthamini wa mkopo atapita ndani ya nyumba, ataona paa, umeme, ngazi, na atasema kama nyumba inakidhi viwango vya chini vya makazi. Kazi yake kubwa ni thamani. Yeye si mkaguzi. Mkaguzi wa nyumba mnamlipa wenyewe, na kwa nyumba yenye umri wa miaka mia moja fedha hiyo isiwaume.

Kwa maji ya kisima USDA hudai kipimo cha ubora, lakini kwa Iowa mimi ningekwenda mbali kuliko wanavyodai. Mmezungukwa na mahindi. Mbolea inayoshuka ardhini inafika visimani kama naitreti. Kikomo cha usalama ni miligramu 10 kwa lita. Maji yaliyozidi hapo hayana rangi wala harufu, na kuyachemsha kunayafanya yawe makali zaidi, kwa sababu maji hupungua na naitreti hubaki. Kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo ni hatari ya kweli: damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Jimbo hupeleka fedha kwenye kaunti ili wenye visima wapimiwe, mara nyingi bila malipo, kwa hiyo pigeni simu idara ya afya ya kaunti muulize. Ombeni bakteria, naitreti na aseniki kwa pamoja.

Karo la maji machafu lina bahati ya sheria. Tangu tarehe 1 Julai 2009, Iowa inataka karo likaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa na jimbo kabla nyumba haijabadilisha mwenyewe. Msikubali "lilikaguliwa mwaka juzi, ni zima". Muwe pale siku hiyo. Nilisimama na familia moja pembeni ya shimo lao: mkaguzi alifungua mfuniko, akamulika tochi, akaingiza fimbo ndefu kupima tope, kisha akatembea polepole kwenye majani mpaka mahali ambapo nyasi zilikuwa za kijani kuliko kwingine. Akabonyeza kwa kiatu, maji yakapanda. Hapo ndipo mfumo ulikuwa umekufa. Maji hayakuwa yakinyonywa tena na udongo. Kwa macho ya mnunuzi, pale palikuwa ndipo mahali pazuri zaidi kwenye uwanja, na mama mwenye nyumba alikuwa ameshapachagulia bembea ya watoto. Mfumo mpya ni maelfu ya dola, na kwa kuwa ulionekana kabla ya kusaini, muuzaji ndiye aliyelipa. Pimeni pia umbali: kisima kiwe angalau futi 50 kutoka kwenye tangi na futi 100 kutoka eneo la kunyonyea, pale udongo unaponyonya maji ya karo.

Nne, radoni. Ni gesi inayotoka ardhini, haionekani, na ikikaa ndani miaka mingi huleta saratani ya mapafu. Kaunti zote 99 za Iowa zimewekwa kwenye daraja la hatari ya juu na shirika la serikali la mazingira. Kipimo chake ni kikopo kinachokaa chumba cha chini siku chache. Kikifika pikokuri 4 (kizio cha mnururisho) kwa lita, bomba na feni huwekwa kuitoa nje. Tatizo hili linatibika, na linaweza kuwa sehemu ya mapatano ya bei. Nyumba ya kabla ya 1978 ina uwezekano wa rangi yenye risasi, na muuzaji analazimika kisheria kuwaambia anachokijua. Angalieni madirisha yanayobanduka rangi kama mtoto wenu bado anatambaa au anatia vitu mdomoni.

Haya yote yanaingia kwenye mkataba. Mnapotoa arubuni, mkataba useme wazi kwamba mnaweza kujitoa na kurudishiwa fedha zenu ikiwa ukaguzi, maji, karo au mkopo utakwama. Na ombeni muda wa kutosha. Faili la mkopo huu likishapitishwa na benki hupelekwa tena wizarani kupata idhini, na hilo huongeza siku. Serikali kuu ikifungwa kwa kukosa bajeti, idhini mpya husimama kabisa. Ilikuwa hivyo siku 35 kuanzia Desemba 2018, na tena kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025. Mkataba wa siku 30 kwa mkopo wa USDA mimi naona ni kujibana. Ombeni 45 hadi 60.

Je, kuna njia nyingine? Ipo ya FHA, mkopo wa benki wenye bima ya serikali kuu. Itataka asilimia 3.5 mbele, yaani dola 7,700 kati ya 9,000 zenu, na ada zake ni kubwa zaidi: asilimia 1.75 mwanzoni na kwa wengi asilimia 0.55 kila mwaka. Haina kikomo cha kipato wala ramani. Mkopo wa kawaida wa benki unaweza kuanzia asilimia 3 mbele. Kwa alama 655 bima yake, ile inayomlinda mkopeshaji usipolipa, itakuwa ghali, ila ina sifa moja nzuri, kwamba deni likishuka hadi asilimia 80 ya thamani unaweza kuomba bima iondolewe. Ada ya mwaka ya USDA inaendelea maisha yote ya mkopo, mpaka ulipe au ukope upya. Nikitazama namba zenu, USDA ndiyo inayowaachia akiba mkononi, na nyumba ya miaka ya 1920 inahitaji mtu mwenye akiba. Mtambo wa kupasha joto ukifa Januari hausubiri mshahara.

Ubaya wake mkubwa hausemwi sana na madalali. Ukianza bila kutanguliza kitu, inachukua muda mrefu kabla ya sehemu ya maana ya nyumba kuwa yako. Kwa mfano wetu, mwaka wa kwanza utalipa karibu dola 16,900 na deni litashuka kama 2,500 tu. Zilizobaki ni riba. Baada ya miaka miwili utadaiwa kama 217,000. Ukilazimika kuuza wakati huo kwa bei ileile ya 220,000, na gharama za kuuza zikawa asilimia 6, utahitaji zaidi ya dola 10,000 kutoka mfukoni ili uondoke. Kwa hiyo swali la kujiuliza na shemeji usiku mkiwa wawili ni kama kazi ya kiwandani imetulia, kama watoto wana shule wanayoipenda huko, na kama mnajiona hapo miaka mitano au zaidi. Kama jibu linasitasita, kupanga mwaka mmoja zaidi si aibu.

Na kama siku moja mambo yatawaendea kombo, jibu la hofu ya shemeji ni hili: hawaji kuchukua nyumba kwa mwezi mmoja uliokosa. Kwa kanuni za serikali kuu, kwa kawaida mkopeshaji haanzi kesi ya kuichukua nyumba mpaka ucheleweshaji upite siku 120, na USDA inamtaka kwanza aangalie njia za kukusaidia, kama kusogeza malipo au kupanga upya mkopo. Njia hizo zipo kwa anayepiga simu mapema. Wanaopoteza nyumba ni wale wanaoziweka barua kwenye droo kwa sababu Kiingereza chake kinatisha. Una haki ya kuuliza kama wana mkalimani.

Mahali pa kwenda sasa ni kwa mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba. Ushauri wake ni bure au wa gharama ndogo, na yeye hapati kamisheni mkinunua. Nendeni na karatasi za mshahara za mwezi uliopita za watu wazima wote watatu, fomu za W-2 (taarifa za mshahara na kodi za mwaka kutoka kwa mwajiri) za miaka miwili, taarifa za benki za miezi miwili na grini kadi zenu. Kisha ombeni benki mbili au tatu zinazofanya mikopo ya USDA, maana si zote hufanya. Kila moja itawapa makadirio ya mkopo ndani ya siku tatu za kazi. Yawekeni mezani sambamba mlinganishe riba na ada, mstari kwa mstari. Kama mkataba wa ununuzi una kifungu msichokielewa, hasa kuhusu yule jirani na mahindi yake, mlipeni mwanasheria wa hapo jimboni saa moja ya kazi kabla ya kusaini.

Na kabla ya kutoa ofa, rudini kwenye hiyo nyumba siku moja baada ya mvua kubwa. Shukeni chumba cha chini mkiwa na tochi, nuseni, guseni ukuta kwa kiganja kuanzia chini kwenda juu. Shemeji naye awepo. Mwacheni yeye afungue bomba la jikoni na asikilize muda gani maji yanachukua kufika.